Mkufu wa Shanga za Marehemu Mama

Jumatano, 4 Juni
Siri ninayowaficha wote humu nyumbani: mkufu wa harusi ninaomtengenezea mjukuu wangu hauna hata shanga moja ya marehemu mama. Nimemwambia zote ni za mama. Zimetoka kwenye pazia la mlango wa kinyozi jirani, aliyekuwa akilitupa. Plastiki tupu! Daktari amesema nipange mambo yangu. Nayapanga. Maisha yangu yote nilifundisha historia, sasa naitengeneza.

Alhamisi, 5 Juni
Shanga nyeupe mno. Zinahitaji uzee; mimi ninao wa kugawa. Nimezitumbukiza kwenye kikombe changu cha chai na kukificha nyuma ya dawa. Sarafu kuukuu za kuning'iniza kati ya shanga nimezitoboa kwa msumari, na kidole changu pia. Mdogo wangu wa kike, anayejiona fundi, kaja kuchungulia. Naye anatunga mkufu wake, wa shanga za kioo. Akaniambia mikono yangu inatetemeka kama simu iliyozimwa mlio. Nikamjibu kuwa ni kipaji kinanisukuma. Bibi harusi atachagua kesho. Akichagua wa yule, nitakufa kabla ya siku zangu, nao watajuta.

Ijumaa, 6 Juni
Ushindi! Shanga zimetoka rangi ya meno yangu. Za kale kabisa. Mjukuu kazishika, machozi yakamlengalenga. Akasema akiwa na mama yangu shingoni hahitaji pambo jingine. Mdogo wangu akabetua midomo. Nilijisikia vibaya kidogo. Kisha nikaomba supu.

Jumamosi, 7 Juni
Harusi. Mimi kwenye kiti cha magurudumu, mstari wa mbele, kifua mbele. Picha zilipoanza, bibi harusi akaanza kujikuna. Shingo, kisha mgongo. Sisimizi! Wamejipanga kwenye mkufu kwa nidhamu kuliko wageni kwenye chakula. Nilisahau kwamba mkwe wangu hunitilia sukari vijiko vitatu kwenye chai. Mdogo wangu akapangusa shanga kwa leso, akailamba ncha, akaniinamia.

“Kaka, kumbe mama alikuwa mtamu kiasi hiki?”

Nikajifanya nimezimia. Muuguzi wangu akanipima mapigo, akatangaza niko salama. Msaliti.

Jumapili, 8 Juni
Mjukuu kaja kuniaga, shingo imemvimba. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

“Babu, za mama yako ziko wapi? Niambie kweli tu, sitakasirika.”

Nikasema zilipotea zamani. Akanibusu kwenye paji la uso, akaondoka na mumewe.

Hazikupotea. Ninazo zote, zilikuwa kwenye soksi chini ya mto. Sikumpa kwa sababu mama alizitunza kupita kiasi: zinang'aa kama zimenunuliwa jana. Nani angeniamini? Akirudi kunitazama, kama bado nipo, nitamvisha kwa mikono yangu. Nimeziloweka tangu asubuhi. Safari hii chai haina sukari.