Dokta Alemseged na Desta Wawili

Tegeni masikio, enyi wana wa Uhabeshi nanyi wageni wake, acheni vyungu vichemke peke yake, mpate kusikia habari za shujaa aliyetoka na kipaza sauti kwenda kupigana na huzuni. Ewe Mola uwapaye wanyonge ulimi, nipe nami pumzi, maana mambo haya ni makubwa na aliyeyatenda alikuwa mdogo.

Huyu ndiye Dokta Alemseged, Simba wa Vikao, Mwenye Barakoa Mbili, Mkuu wa Faraja za Wanafunzi katika chuo chetu. Tauni ilipofunga malango, na wanafunzi wa mbali wakabaki mabwenini kama kondoo waliosahauliwa zizini, yeye alifariji watu kwa njia ya mtandao, na aliowafariji ni madokta wenzake. Mwanafunzi hakumwona hata mmoja, kwa kuwa wanafunzi wanakohoa.

Basi katika bweni la wasichana alikuwamo Desta, aliyefiwa na mama yake huko Debre Tabor. Barabara zilikuwa zimefungwa. Hakumzika, hakumlilia, wala hakuna aliyekuja kuketi naye, na kwetu mfiwa asiyeketiwa ni maiti ya pili. Akageukia ukuta. Akaacha chakula, akaacha na maji, midomo ikapasuka, lakini chozi halikutoka. Wagaye, mwenzake wa chumbani, akamkimbilia Dokta.

"Dokta, Desta anakufa. Kafiwa na mama yake, hali, halii. Njoo umwone, nakuomba."

Lugha yetu ya Kihabeshi ni karimu: ukisema tu "anakufa" umekwisha kusema kama ni mwanamke au mwanamume. Lakini Dokta alikuwa akijaribu kipaza sauti chake cha betri, fuu, fuu, akashika jina na msiba tu, "anakufa" likampita. Na Desta, maana yake furaha, ni jina la wote, wake kwa waume.

"Kaa mbali, binti!" akanguruma. "Ngome ya huzuni naivunja leo! Mlinzi! Mwavuli! Kiti!"

Akashuka uwanjani, mlinzi akimfuata na mizigo, nami niliyekuwa naanika mashuka nikajibanza nyuma ya kamba. Akalipita bweni la wasichana bila kugeuza shingo, akasimama mbele ya bweni la wavulana, akainua silaha yake.

"Ayzoh, Desta! Ayzoh!" Ndiyo "jipe moyo" aambiwayo mwanamume. "Ewe mwana wa nyanda za juu! Mama yako amekufa, lakini sayansi iko hai! Vuta pumzi kwa pua!"

Madirisha yakafunguka.

"Desta gani, Dokta?"

"Aliyefiwa na mama yake!"

Bafuni akatoka Desta wa uhandisi, povu la sabuni hadi viwikoni. "Mama yangu?" akauliza. "Mama yangu kafa?" Akaanguka chini, akapiga yowe.

Na kwetu yowe la msiba haliulizwi. Wenzake wakamiminika nje, mashuka mabegani, wakijipiga vifua: "Mama wee! Mama wa Desta! Umetuachia nani?" Mistari ya chokaa aliyochora Dokta ili watu wasisogeleane ikakanyagwa kama majani ya mwaka jana.

"Achaneni! Tauni!" akapaaza sauti.

"Ondoka hapa, Dokta! Hujui kama mwenzetu kafiwa?"

Mmoja mwenye akili zake akampigia simu mama yule, na sauti yake ikasikika uwanja mzima: "Niko hai, nasaga pilipili. Nani kaniua?"

Macho yote yakamgeukia Simba.

"Dokta, umemuua mama wa watu kwa betri!"

Kabla kicheko hakijapasuka, sauti ikatoka upande wa pili. Ilikuwa kilio kama mlango wenye kutu ukifunguka. Wagaye akatoa kichwa dirishani.

"Analia! Jamani, Desta wangu analia! Kawasikia mkisema mama wa Desta! Msinyamaze!"

Wavulana wakatazamana. Desta wa uhandisi akajifuta kamasi kwa mkono wenye povu. "Machozi nimeshayatoa," akasema, "nitayarudisha wapi? Twendeni." Wakavuka uwanja, wakaketi chini ya dirisha la msichana wasiyemjua, wakamlilia mama wasiyemjua, kwa sauti ile ile na vifua vile vile. Jikoni wakaleta sinia ya ngano na dengu za kuchemsha kwa chumvi, chakula cha matanga, wakaipandisha juu.

Dokta akaona vita vinakwisha bila yeye. Akainua kipaza sauti. "Sasa, hatua ya kwanza ya huzuni..."

Desta akatokea dirishani, macho yamevimba, ngano mkononi.

"Baba," akasema, sauti imekwaruza, "weka hicho kitu chini. Uko msibani. Keti."

Hapo dunia ikashika pumzi. Mwenye Barakoa Mbili akamtazama mlinzi amletee kiti. Mlinzi alikuwa ameshakikalia, analia. Dokta akatazama kulia, akatazama kushoto, akakunja suruali, akaketi juu ya changarawe, akanyamaza.

Alinyamaza! Pigeni vigelegele, enyi vizazi vijavyo! Wafalme wameangusha miji, mito imehama njia zake, lakini ni nani aliyepata kuona Dokta Alemseged akifunga kinywa mchana kweupe, mbele ya wanafunzi, mpaka Desta alipolamba chumvi vidoleni, akaomba maji?