Lango la Zahanati na Dakika Zangu Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Baraza la mtaa linataka kuziba lango la nyuma la zahanati. Likizibwa, Mama atazunguka ukuta mzima, na magoti yake yale. Nimeandika hotuba. Kurasa kumi na moja. Nimekwenda kujiandikisha, karani kanionyesha tangazo ukutani: kila mwananchi dakika tatu, kengele ikilia unakaa. Nimemwambia hazinitoshi hata kusalimia. Kasema basi nisisalimie.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata njia. Nimemwandikisha mke wangu, shemeji na jirani muuza mkaa. Watanipa dakika zao. Mke kauliza kwa nini nisifupishe tu. Fundi cherehani wa kona naye kajiandikisha, yule anayependa kunikatiza kila mkutano. Nimechoka kabla sijaanza.

Jumatano, 5 Machi
Karani kapiga simu. Kasema dakika si sukari, haziazimwi kwa jirani. Sawa. Nimeikata hotuba vipande vinne, kila mtu asome chake. Shemeji kapata historia ya ukuta. Ananung'unika kwamba kapewa sehemu kavu.

Alhamisi, 6 Machi
Mkutano. Muuza mkaa hakutokea, kapata mteja. Shemeji kachanganya karatasi, kasoma hitimisho la jambo ambalo hakuna aliyelisikia. Mke kasimama, kasema kasahau miwani, kaketi. Miwani ilikuwa kwenye mkoba, niliiona.

Zamu yangu. Nikamsalimu mwenyekiti, makamu wake, wajumbe mmoja mmoja. Nilikuwa nimefikia wageni waalikwa, kengele ikalia. Mama, mstari wa mbele, akainamia mikono yake. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha fundi cherehani. Kamsogelea Mama, kamnong'oneza, kamshika mkono akainuka. Akawaambia wajumbe, "Mtazameni huyu mama akitembea kutoka hapa mpaka mlangoni. Halafu mpige kura." Akanyamaza. Mama akaenda, kiti kwa kiti, akipumzika. Kengele ililia kabla hajafika mlangoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia akae.

Lango halizibwi. Kura zote.

Ijumaa, 7 Machi
Mama anamsifu fundi tangu asubuhi. Mke kasema niende dukani kwake nikaseme asante, yatosha. Nimekubali asante, lakini itolewe rasmi, mbele ya baraza zima. Nimeanza kuiandika baada ya chai. Niko ukurasa wa saba na bado sijamtaja fundi.