Ufunguzi wa Kasri la Wahusika, Ishara na Taharuki

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Naibu wake, aliyepaswa kuusoma udhuru huo na ambaye naye ametuma udhuru. Kamanda wa Polisi, uliyeketi karibu na feni. Umda, mkuu wa mji wetu wa Kafr Gimmeza, pamoja na shemeji zako wote walioketi kwenye viti vya wageni. Sheikh wa msikiti na Padri wa kanisa, mliofika kwa gari moja mkabaki mlangoni kila mmoja akimwambia mwenzake “tangulia wewe”. Walimu, wakulima, mama zetu. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho ambao mtihani wenu wa fasihi unabisha hodi. Na juu ya hao wote, kwa unyenyekevu nilioupata baada ya semina nyingi, mimi mwenyewe, Shawkat Bei Dabbous, “Bei” kwa maana ya bwana mkubwa, Mkurugenzi wa Fasihi, Majitaka na Mifugo katika wilaya hii: nawasalimu!

(Makofi safu ya mbele. Safu za nyuma zinauliza kama soda zimefika.)

Soda zimo katika mchakato.

Ndugu wananchi, tumekusanyika chini ya hema hili, katika shamba hili la majani ya ng'ombe la Haji Metwalli, ili kufungua rasmi Kasri la Uchambuzi wa Wahusika, Ishara na Taharuki katika Fasihi ya Kale na ya Kisasa, kasri ambalo, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu uliofanywa na kamati niliyoiteua mimi, nikaiongoza mimi, na ikahitimisha kazi yake kwa kunipongeza mimi, litakuwa na ukumbi wa wahusika wakuu, banda la wahusika wadogo, ghala la ishara lenye ubaridi ili ishara zisichache wakati wa joto, na tangi kubwa la kuhifadhia taharuki, lenye mabomba ya kuisambaza hadi vitongojini.

(Usta Ragheb, kinyozi: “Na maji je, Bei? Mtaa wetu tunanyoa watu kwa mate!”)

Usta Ragheb, tuzingatie vipaumbele. Maji ukiyanywa yamekwisha. Taharuki ukiinywa ndiyo kwanza inaongezeka.

Naendelea. Utafiti wetu shirikishi umebaini kwamba asilimia sitini ya wahusika katika riwaya zinazosomwa wilayani ni wahusika bapa. Bapa, ndugu zangu! Katika nchi yenye ngano, mchele, maharage na bata kila ua, mhusika anakuwaje bapa? Ni aibu. Ni uzembe wa tawala zilizopita. Chini ya uongozi wangu, kila mhusika bapa atahudumiwa hadi awe mhusika duara ifikapo mwisho wa awamu ya pili, na nimeshawaagiza mabwana mifugo wa idara yangu wasimamie zoezi hilo.

(Wanafunzi wanacheka. Mwalimu wao, Abla Nagat, anawakanya, kisha anajifunika mdomo kwa mtandio.)

Kicheko cha vijana ni ishara ya matumaini. Tayari nimeanza kuchambua, mnaona?

Sasa wapo watu, sitawataja, ila wameketi safu ya tatu na mmoja wao ameshika wembe, wanaosema kwamba Shawkat Bei aliifunga maktaba ya mji huu kwa hasira. Nataka nilieleze jambo hili mbele ya Kamanda, ili historia isipotoshwe.

Maktaba yetu, mnakumbuka, ilikuwa katika ile ofisi kuukuu ya kiwanda cha kuchambua pamba, kwa hiyo uchambuzi katika mji huu haukuanza jana. Kila Alhamisi baada ya alasiri, Abla Nagat alikuwa akikaa humo na kikundi chake: wanafunzi wake, Usta Ragheb, na Hajjati Inshirah, mkunga wetu mstaafu, ambaye hajui kusoma lakini masikio yake, alhamdulillahi, ni ya serikali nzima. Nikapata habari kwamba wanachambua bila kibali. Nikaenda kukagua.

Wakanipokea vizuri, sina budi kusema ukweli. Wakaniletea sharubati baridi ya karkade na kiti chenye mto. Nikakuta wanasoma riwaya moja, nakala yenyewe moja tu, inapita mkono kwa mkono kama mtoto mchanga, na Abla Nagat amewaapisha wote, na yeye mwenyewe ameapa, kwamba hakuna atakayetangulia sura kabla ya wenzake. Riwaya inamhusu umda mmoja wa kijiji kilichokatwa na mfereji mkubwa. Umda anawaomba watu mawe ili awajengee daraja. Watu wanatoa. Huyu anang'oa kizingiti cha mlango wake, mjane mmoja anatoa jiwe lake la kusagia. Mawe yakishatimia, umda anajijengea mnara wa njiwa.

Abla Nagat akaniuliza kwa heshima, “Bei, leo tunamchambua mhusika mkuu. Wewe unamwonaje huyu umda?”

Nikamjibu papo hapo, bila maandalizi, kama ilivyo kawaida yangu, “Huyu ni kiongozi mwenye dira. Wananchi waliomba kitu cha kuvusha miguu. Yeye akawapa kitu cha kuinua macho.”

Kukawa kimya. Mimi nikadhani ni kimya cha kustaajabu. Kumbe Hajjati Inshirah ameweka gilasi chini, ananitazama kwa huruma, anasema, “Maskini. Kioo kiko mbele yake, naye anamsifu jirani.”

Wakacheka. Walicheka mpaka Usta Ragheb akashika ukuta, na ukuta ule ulikuwa mbovu. Nami nikacheka pia, kwa mujibu wa itifaki. Kisha nikatoka, na juma lililofuata nikaifunga maktaba. Je, hiyo ni hasira? Hiyo ni kuiboresha! Huwezi kuboresha kitu kikiwa wazi. Na ukishakifunga, huwezi kukiboresha kikiwa kimesimama. Basi tukakibomoa, kwa uchungu mkubwa, na mawe yake tukayahamishia mahali salama nyuma ya nyumba yangu, ambako yamepangwa kwa mviringo kwenda juu, na njiwa wanayalinda.

(Manung'uniko. Kamanda anaangalia feni.)

(Abla Nagat anasimama: “Bei, samahani. Watoto hawa wanaingia kwenye mtihani. Vitabu vyao viko wapi?”)

Swali zuri, Abla, na nimefurahi umeuliza kabla sijakukataza. Vitabu vipo. Viko katika ghala la dawa za mifugo, mahali pakavu, ambako havisomwi na kwa hiyo havichakai. Sasa wewe ni mwalimu, nisaidie. Mtu anapotaka kitu kwa moyo wote na hakipati, fasihi inaiitaje hali hiyo?

(Abla Nagat: “Mimi naiita dhuluma.”)

Taharuki! Inaitwa taharuki! Mji mzima una taharuki bila hata kufungua kurasa. Wilaya gani nyingine imefika hapo?

(Hajjati Inshirah anainuka kwa kushika bega la Usta Ragheb. Watu wanampisha. “Shawkat, mwanangu.”)

Hajjati, itifaki, tafadhali. Shawkat Bei.

(“Shawkat. Mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa. Ulitanguliza miguu. Mama yako alipiga kelele siku nzima, nami sikutoka pale mpaka nimekugeuza. Sikukuomba kitu siku ile. Leo nakuomba. Tulibakiza sura mbili tu. Mafuriko yalikuwa yameanza, na binti wa yule umda ameshikwa na uchungu, na mkunga yuko ng'ambo ya mfereji. Ukaja ukaweka kufuli. Daktari ananiambia moyo wangu umechoka. Mimi sitaki kasri. Nataka kujua kama yule mkunga alivuka.”)

(Bei anapekua karatasi za hotuba.)

Ehm. Hajjati, hayo... hayo yanahusu idara... Abla Nagat, wewe ni msomi, si umsimulie huyu mama mwisho wake, jambo liishe?

(Abla Nagat: “Siujui mwisho, Bei. Niliapa nisitangulie. Ulifunga sote tukiwa kwenye sura moja.”)

Naam. Hiyo ni nidhamu, na nidhamu ni nguzo ya nne katika nguzo tatu za mpango mkakati wangu. Basi nitoe tamko. Serikali inasikia kilio chako, Hajjati, na imekihifadhi. Tena nisionekane mtu asiyejali fasihi. Mimbari hii ninayoiegemea ilikuwa ikiyumba asubuhi. Fundi akataka kuweka kipande cha ubao. Nikasema, hapana! Katika siku kama hii? Nikaagiza kiletwe kitabu kutoka ghalani, na kikaletwa hicho hicho cha kwenu, nakumbuka lile jalada lenye njiwa, na hivi ninavyozungumza kimo chini ya mguu wa kushoto, kikibeba uongozi mzima wa wilaya. Ni kitabu gani kingine kimepata heshima hiyo?

(Abla Nagat anaacha kiti chake, anatembea hadi jukwaani, anapiga magoti mbele ya mimbari.)

Mnaona? Mnaona unyenyekevu wa walimu wetu? Inuka, binti yangu, hakuna haja ya... Abla! Abla, acha! Kamanda!

(Mimbari inainama upande wa kushoto. Gilasi ya maji inateleza na kumwagikia karatasi za hotuba. Kamanda wa Polisi hajaondoa macho kwenye feni. Abla Nagat anapangusa jalada kwa ukingo wa mtandio, anarudi, anaketi karibu na Hajjati Inshirah. Usta Ragheb anageuza kiti chake. Wanafunzi wanageuza vyao. Haji Metwalli anageuza chake, na shemeji zake Umda wanafuata.)

Ndugu wananchi! Ndugu wananchi ambao migongo yenu naiona vizuri sana kutoka hapa! Hotuba haijafika hata nusu! Bado kuna sehemu ya mafanikio! Bado kuna takwimu! Mwaka jana peke yake idara yangu imezalisha ishara kwa wingi usio na mfano, hata nyingine tumelazimika kuzipeleka nje ya wilaya. Taharuki imepanda kwa asilimia mia moja na kumi. Na migogoro baina ya wahusika tumeimaliza yote kwa maridhiano, ili msomaji asisumbuke...

(Abla Nagat anasoma kwa sauti. Inasikika: “Maji yalikuwa yamefika kwenye mizizi ya mitende. Umda alisimama ukingoni akaita, na sauti yake ikaliwa na mfereji. Ng'ambo ile mkunga alikuwa amesimama na mfuko wake mgongoni, anaonekana, ila hafikiki...”)

...ili msomaji, kama nilivyosema, asisumbuke. Mgogoro ni adui wa maendeleo. Mimi binafsi nikiona... Ngoja. Mashua je? Kijiji kizima hakina mashua?

(Usta Ragheb: “Shh, Bei!”)

Nauliza kwa niaba ya serikali.

(“...Mashua iliyokuwepo ilikuwa imechukuliwa mbao zake kutengenezea ngazi za mnara. Umda aliutazama mnara. Njiwa walikuwa wakavu.”)

Ah! Hapo mwandishi amekosea, amekuwa mkali mno. Mtu hakujua kama yatatokea mafuriko! Alikuwa na nia... Basi, ndugu wananchi, kwa ajili ya muda, narukia hitimisho, sitasoma yote, karatasi zenyewe zimelowa. Mkisikia nasema, mnaitikia! Wahusika!

(Hakuna anayeitikia.)

Duara! Ishara!

(Kondoo mmoja nje ya hema anaitikia.)

Kwa wote! Taharuki!

(“Shh!”)

Mpaka kieleweke! Ahsanteni sana. Na sasa shukrani, haraka haraka. Namshukuru mkandarasi wetu, ambaye tulimbuni sisi wenyewe na hajawahi kutuangusha. Nawashukuru wahandisi, ambao nao ni wahusika wasioonekana jukwaani. Namshukuru Haji Metwalli kwa kutuazima shamba hili, na namhakikishia kuwa ng'ombe wake watarudi leo leo, kwa kuwa hakuna tofali hata moja litakalowazuia. Picha ya kasri mnayoiona pale kwenye lango la hema ni ya hoteli moja ya ufukweni, ilikuwa kwenye kalenda ya mke wangu, naye namshukuru. Kasri halikuwahi kuwepo, halipo, na ndiyo maana ni kasri pekee katika mkoa huu lisilo na ufa. Nakata utepe.

(Anakata utepe. Nyuma yake ni majani ya ng'ombe hadi kwenye miti. Hakuna anayegeuka. “...Ndipo akaingia majini yule mjane aliyetoa jiwe la kusagia. Akafuata aliyeng'oa kizingiti chake. Wakashikana mikono, mmoja baada ya mwingine, maji yakiwafika kifuani, mpaka mstari wao ukapungukiwa mtu mmoja tu ili ufike ng'ambo...”)

Mmoja tu? Na umda? Yeye ameingia? Abla, rudia hapo, mimbari imenizuia kusikia. Mtu mmoja tu, basi si aingie yeye! Nani ana kiti?

(Hajjati Inshirah, machozi yakimtiririka, haondoi macho kitabuni. Kwa mguu anamsogezea Bei kiti kitupu. “Kaa, mwanangu. Ila usichambue.”)