Shukrani ya Asilimia Themanini

Serikali ilitangaza, Jumatatu asubuhi, kwamba imewaondolea wananchi mzigo wa kuchagua.

Tangazo lilisomwa na Mkurugenzi wa Idara ya Simu Stahiki, katika ukumbi wa wizara, mbele ya waandishi wa habari, maua ya plastiki na kiyoyozi kilichotoa kelele bila kutoa baridi. Utafiti, alisema, umebaini kuwa chanzo kikuu cha maumivu ya kichwa nchini ni kuchagua: simu ipi, laini ipi, bando lipi. Mwananchi anatoka nyumbani mzima, anasimama mbele ya duka la simu, anarudi mgonjwa. Kuanzia sasa madukani kutakuwa na simu janja moja tu, iitwayo Simu Stahiki, itakayofanya kazi katika mtandao mmoja, wa kampuni moja, kwa miaka kumi. Haitapiga wala kupokea simu ya mtandao mwingine wowote. Na huduma hii, alisisitiza, ni bure. Yaani kuondolewa mzigo ndiko bure. Simu yenyewe inauzwa.

Mwandishi mmoja wa kike, aliyekaa karibu na mlango kama mtu aliyezoea kutolewa nje, akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, simu hii inatoka kiwandani kwa bei ya mbuzi. Dukani mnaiuza kwa bei ya ng'ombe. Hiyo faida anakula nani?"

"Faida ni neno la zamani," Mkurugenzi akamjibu kwa upole. "Wizara imeshaliondoa kwenye nyaraka zake. Siku hizi tunasema shukrani. Mwananchi akinunua Simu Stahiki anakuwa ameishukuru kampuni. Mpaka jana wanunuzi wa majaribio walikuwa wameshukuru kwa asilimia themanini."

"Wanashukuru kwa hiari yao?"

"Wanashukuru wakati wa kulipa."

Swali lingine halikuruhusiwa, maana chai ilikuwa inapoa.

Msidhani jambo hili liliamuliwa kienyeji. Iliundwa Kamati ya Faida ya Wastani, ikakaa wiki tatu hotelini ili isisumbuliwe na watu wanaotumia simu. Mkurugenzi ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Wakamwita Meneja wa kampuni ya mtandao, mtu wa manukato mazuri na meno meupe, wakamuuliza bila kuzunguka anapata faida kiasi gani kwa kila simu.

"Hiyo ni siri ya biashara," Meneja alisema.

Wajumbe wakatoka kwenda kujadiliana, wakarudi wamekunja nyuso.

"Ni siri kubwa au ndogo?" Mkurugenzi akauliza.

"Ya wastani."

Kamati ikaridhika, kwa kuwa ndicho hasa ilichotumwa kuhakikisha. Mkataba ukasainiwa jioni hiyo hiyo, na ukaandikwa vifungu vikali. Kila ofisa wa wizara asalimishe simu yake ya zamani, abaki na Simu Stahiki peke yake. Fundi atakayethubutu kuifungua simu hiyo ishike mtandao mwingine atozwe faini na vifaa vyake vichukuliwe. Hakuna upendeleo kwa mtu yeyote. Siku ya uzinduzi Mkurugenzi aliiponda simu yake ya zamani kwa nyundo mbele ya kamera, akapigiwa makofi mpaka akairudia kuiponda.

Kifungu kimoja alikiandika kwa mkono wake mwenyewe, na ndicho alichokionea fahari kuliko vyote. Kilisema kwamba sheria hii haitaigusa Ofisi Kuu. Haikuwa adabu, aliona, mtu wa cheo chake kumpangia Mkubwa simu ya kushika. Kwa hiyo Ofisi Kuu ikabaki na laini zake za siku zote, za mtandao ule mwingine wa bei nafuu. Habari zilimfikia kwamba Mkubwa alikisoma kifungu hicho na kutikisa kichwa kwa kuridhika, na Mkurugenzi alitembea na habari hizo kifuani kwa siku kadhaa.

Tuseme ukweli, jamaa hakuwa akihangaika hivyo kwa ajili ya simu. Alikuwa anautaka uwaziri. Aliutaka mpaka chakula hakipiti. Waziri aliyekuwepo alikuwa amepumzishwa kwa sababu ya kupumzika mno kazini, kiti kilikuwa wazi, na kwenye korido za wizara watu walishaanza kumwinamia Mkurugenzi kidogo zaidi ya ilivyo lazima.

Sasa, katika serikali ile uteuzi haukuja kwa barua, maana barua huvuja. Ulikuja kwa simu. Ofisi Kuu inapiga, sauti inauliza, "Uko tayari kulitumikia taifa?" Unasema ndiyo, mambo yamekwisha. Usipopatikana, taifa linamtafuta mwingine aliye tayari. Kuna bwana mmoja aliukosa ubalozi kwa sababu alikuwa anaoga, na tangu hapo wakubwa wengi walikuwa wanaoga kwa mashaka. Wala usifikirie kupiga wewe kuuliza. Kuipigia Ofisi Kuu kuulizia cheo ni kosa ambalo halina faini, lina kustaafu tu.

Aliyelileta jambo hili mezani ni mke wake. Mama huyu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na alizungumza na mumewe kwa sauti ile ile aliyotumia kwa darasa la nne.

"Baba watoto, nilikupigia mchana. Gesi imeisha."

"Mbona haikuita?"

"Najua haikuita. Kuna mwanamke ameniambia mteja ninayempigia ananishukuru, ila mimi si wa mtandao wake. Nimeishi na wewe miaka yote hii, leo naambiwa na mwanamke nisiyemjua kwamba mimi si wa mtandao wako."

"Ni mashine ile, mama. Nunua Simu Stahiki tu."

"Kwa bei ya ng'ombe? Wazazi wote wa shule wana namba yangu hii. Mtoto akianguka akavunjika mkono, nimwambie mama yake akanunue ng'ombe kwanza ndio tuongee?"

"Haya ni mambo ya sera, mke wangu. Ukiyatazama kwa karibu huyaelewi."

"Sawa. Na hao wa Ofisi Kuu unaowasubiri, watakupigia kwa mtandao gani?"

Mkurugenzi akacheka, kile kicheko cha kumwonea huruma mtu asiyeijua serikali. "Simu ya Mkubwa hupenya," akasema. Kisha akaiangalia simu yake, akaigeuza, akaiangalia tena. Usiku ule alilala kwa ubavu mmoja.

Kulipokucha akampigia Meneja.

"Ndugu yangu, hebu nitoe wasiwasi. Ofisi Kuu wakinipigia, si inaingia?"

"Haiingii, Mheshimiwa. Simu ya nje haiingii."

"Hata ya Mkubwa?"

"Mkubwa si ndiye mliyemsamehe? Angekuwa na Simu Stahiki angeingia vizuri sana, tena na mlio wake."

Mkurugenzi akashusha sauti. "Basi nifungulie hii yangu peke yake. Kimya kimya."

"Nikifungua moja, upekee umekufa, na upekee ndio tulioununua. Wenye hisa watanimeza. Halafu ulisaini mwenyewe kwamba hakuna upendeleo. Nilivutiwa sana na kile kifungu." Meneja akamtakia siku njema, na alionekana kumaanisha.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la wizara, kulikuwa na fundi simu aliyeitwa Bisibisi, mwenye meza ya kioo na mwavuli uliochanika upande wa jua. Mkurugenzi alivaa miwani myeusi akavuka, akajifanya anatazama makava.

"Karibu mzee. Kioo kimepasuka?"

"Si kioo." Akainama. "Nataka kufunguliwa mtandao."

Bisibisi akaitazama simu bila kuigusa. "Hii kuifungua ni kosa. Ina faini."

"Naijua hiyo faini."

"Mimi pia naijua. Nimeilipa."

"Nitakulinda, kijana. Nina cheo."

"Sasa utanilinda na nani, mzee wangu? Waliokuja kunikamata walikuwa na barua yako. Nakukumbuka vizuri, vua tu hiyo miwani, utagonga nguzo." Bisibisi akasogeza kigoda chake kwenye kivuli. "Tena sina kinyongo. Kompyuta yangu ya kazi iko huko kwenu, walisema ni kielelezo. Niletee, nakufungulia bure. Hata soda sitaki."

Mkurugenzi akarudi wizarani, akashuka mwenyewe mpaka stoo ya vielelezo. Mtunza stoo alimpa kiti, akamweleza kwa heshima zote kwamba kielelezo hakitoki bila sahihi ya waziri. Waziri hakuwepo. Kwa hiyo Mkurugenzi alihitaji kompyuta ili awe waziri, na alihitaji kuwa waziri ili apate kompyuta. Yule mtunza stoo aliuona ugumu huo, akashauri iundwe kamati.

Baada ya hapo Mkurugenzi alihamia ofisini. Nyumbani mtandao wa Simu Stahiki ulikuwa dhaifu, ofisini ulishika vizuri ukisimama dirishani upande wa kushoto, naye alijipa moyo kwamba pengine palipo na nguvu nyingi hata simu ya nje yaweza kujipenyeza. Alimtuma dereva akamwambie mkewe kwamba yuko kwenye majukumu ya kitaifa. Akasimama dirishani. Alikula amesimama. Simu iliita mara moja tu, na ilikuwa ni kampuni ikimshukuru kwa kuendelea kuishukuru.

Siku ya tatu, asubuhi, redio ikasema waziri mpya amepatikana na ataripoti wizarani saa nne. Jina lingetangazwa akishafika.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mkurugenzi alikuwa mzoefu wa serikali, akalipima jambo. Jina halikutajwa. Kama si lake, lifichwe ili iweje? Huenda walimteua bila kumuuliza, kwa kuwa utayari wake ulikuwa unajulikana. Akavaa suti iliyokuwa ikining'inia nyuma ya mlango wa ofisi kwa ajili ya siku kama hiyo, akashuka. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga mstari kuanzia mlangoni. Meneja naye alikuwepo, na shada la maua. Mkurugenzi akasimama katikati ya mlango na geti, peke yake, mahali pa mtu ambaye hajajua kama anapokea au anapokewa.

Gari likaingia. Akashuka mke wake, na lile gauni lake la siku ya kufunga shule.

"Mama watoto," Mkurugenzi akanong'ona, furaha ikimpanda mpaka machoni. "Umekuja kunishuhudia."

"Nimekuja kuripoti," mkewe akasema.

Mkurugenzi akatazama ndani ya gari, kuona kama kuna mtu mwingine. Hakukuwa na mtu.

"Walikupigia juzi, hukupatikana," mkewe akaendelea, bila haraka. "Kwenye faili lako namba ya mtu wa karibu ni yangu, wakanipigia mimi. Wakasema nikufikishie. Nikakupigia, yule mwanamke wako akanishukuru. Jana wakarudi kuuliza. Nikawaambia hapatikani, na ni kwa sheria aliyoitunga mwenyewe. Halafu wakauliza mimi nafanya kazi gani."

"Ukawaambia nini?"

"Ukweli. Nasimamia shule ya watoto elfu moja, na mzazi yeyote akipiga napokea. Wakaniuliza kama niko tayari kulitumikia taifa. Nikasema ngoja nimuulize mume wangu. Nikakupigia tena."

Mkurugenzi alitamani kulia, na angelia, kama Meneja asingempita kwa ubavuni na shada lake akamkabidhi Waziri maua, meno yote nje.

Ndani ya ofisi Waziri aliketi, akawaacha Mkurugenzi na Meneja wamesimama mbele ya meza, mikono nyuma, bila kuambiwa waiweke huko.

"Hii simu ina faida kiasi gani?"

"Shukrani," Mkurugenzi alisahihisha kwa mazoea. "Asilimia themanini."

"Nani aliwauliza watu kama wanashukuru?"

Mkurugenzi akamtazama Meneja, Meneja akayatazama maua.

"Shuleni kwangu," Waziri akasema, "mtoto akikutwa na penseli ya mwenzake, akasema kapewa, simpigi. Namwita mwenye penseli namuuliza. Na hapa tutawauliza. Aliyeshukuru kweli, Meneja abaki na shukrani yake. Aliyechukuliwa kwa nguvu, Meneja anarudisha."

Meneja akauliza kwa sauti nyembamba kama anaweza kupata kiti.

"Atakayepiga ni wewe, Mkurugenzi. Mmoja mmoja. Kwa simu yako hiyo hiyo."

"Ni maelfu kwa maelfu, Mheshimiwa." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mkewe hivyo, na neno lilitoka na vumbi. "Na wasiopatikana je?"

"Watapatikana wote. Si uliwafungia kwenye mtandao wako?"

Hakukuwa na kifungu cha kumtoa hapo. Mkurugenzi akavuta kiti karibu na dirisha, upande wa kushoto, akabonyeza namba ya mteja wa kwanza. Ilipokelewa kabla mlio haujakamilika.

"Nani mwenzangu?" sauti ya mama mmoja ikauliza.

Akajitambulisha, jina la idara na cheo chote, kama alivyozoea.

"Kumbe ndiye wewe," yule mama akasema. "Usikate, mwanangu. Ngoja niwaite na majirani, tulikuwa tunakutafuta sana."