Telegramu ya Nyani

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Assalaam alaikum, daftari yangu. U mzima? Sisi hapa Ruangwa tu wazima, alhamdulillahi, ila magoti ya mama yangu, Bi Biasha, na roho yangu mimi Mikidadi. Haijatulia tangu barua ya Adinani ifike.

Mwanangu yuko Dar es Salaam, anajifunza kazi ya gazeti. Wanafunzi ni wawili, na mwisho wa mwezi mhariri atabakiza mmoja. Mwenzake ameshatolewa habari gazetini. Adinani hata moja! Anachemsha chai na kupanga magazeti makuukuu. Anasema mjini kila habari ina mwenyewe.

Basi habari itatoka huku. Mke wangu kauliza habari gani itoke Ruangwa. Nimemjibu: Mungu hamtupi mja wake.

Jumanne, 4 Agosti

Nimechimba muhogo mrefu kama mimi! Nikauegemeza ukuta wa msikiti, watu waushuhudie. Jirani yangu Kaimu, ambaye kila alfajiri huniwahi kuadhini, akaondoka kimya kimya. Akarudi na wa kwake. Umeupita wangu kwa kichwa kizima! Akaniambia wa kwangu ni mzizi tu, shehe, usijisumbue. Allah amsamehe. Mimi bado.

Jioni habari yangu tumeila na samaki mkavu. Ilikuwa tamu.

Alhamisi, 6 Agosti

Nachingwea, kwa lori la ufuta. Matrekta ya Wazungu wa ule mradi wa karanga uliokufa yamelala nyasini, yanaota kutu. Mlinzi akaniita niangalie ndani ya moja. Subhanallah! Nyani kazaa juu ya kiti cha dereva! Kamkumbatia mwanawe, ananitazama kama mimi ndiye nimevamia nyumba.

Habari hiyo! Ila barua itachelewa. Nikakata shauri: telegramu. Sijawahi kupeleka hata moja maishani. Karani wa posta, Eustace, kijana mpole, kabla hata sijafungua kinywa akaweka mkono kifuani: pole sana, mzee wangu. Nikamwambia nimeshapoa, ni vumbi la njiani tu. Nikamwandikisha:

NYANI KAZAA NDANI YA TREKTA NACHINGWEA. SOTE WAZIMA. ANDIKA UPESI.

Akasoma mara mbili. Akanitazama kwa huruma, akasema kila mtu hulia kwa namna yake. Sikumwelewa. Nikamwombea heri nikaondoka.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimemweleza Kaimu habari za telegramu, taratibu, aumie vizuri. Kauliza: kwani kafa nani? Wivu huo!

Jumanne, 11 Agosti

Ya Rabi. Adinani amekuja.

Kaja analia toka njia panda, na wanawake nyuma yake wameshapokea kilio bila kujua ni cha nani. Kwapani kabana bafta nyeupe. Sanda! Bi Biasha kakaa mkekani anapeta mtama. Akauliza: nani kafiwa huko, twende tukazike?

Adinani kaanguka magotini pake.

Kumbe kule Dar shemeji yangu, ambaye Adinani anakaa kwake, aliishika ile telegramu akasema hakuna mtu duniani anayepeleka telegramu kwa ajili ya nyani. Wanaficha msiba. Na huko kusema sote wazima ndiyo kabisa! Akakata kauli: kafa bibi yake Adinani.

Na ni kweli. Kwetu telegramu ni ya msiba, na msiba hautamkwi, hufunikwa mpaka mtu afike nyumbani. Najua. Kila mtu anajua. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyoitwa baba alipofariki. Sasa nilidhani nyani atasamehewa?

Mhariri kamwambia akiondoka, nafasi huenda asiikute. Kaondoka. Hakugeuka nyuma.

Bi Biasha kaivuta bafta, kaipima kwa vidole, kainusa. Mume wangu huyu! kasema. Wajukuu wengine huja na sukari. Nzito hii, ya mjini. Kaitia sandukuni mwake, akasema sasa hana haraka, maana kitu chake kizuri kipo tayari.

Nimekwenda nyuma ya nyumba nikalia. Nimemharibia mtoto. Mke wangu kanikuta. Kaniletea maji ya udhu.

Ijumaa, 14 Agosti

Adinani amerudi Dar. Kutwa ya jana alikaa barazani akiandika: nyani, trekta, bafta, bibi yake, hata mimi. Kaimu kampa karanga za njiani na dua ndefu. Aliiomba vizuri, namkubalia.

Jumanne, 1 Septemba

Allahu Akbar! Barua imefika, na gazeti ndani yake! Mhariri alikuwa amenuna, akaisoma ile habari ya bafta, akacheka mpaka akavua miwani, kisha akasema na yeye ana bibi. Kaitoa. Kambakiza Adinani!

Baada ya swala ya alasiri Kaimu kaisoma kwa sauti barazani. Mimi nimeandikwa “mzee mmoja wa Ruangwa”. Jina hakuna! Si kitu. Bi Biasha kaliomba gazeti aifungie bafta yake.

Sasa lazima nimpongeze mwanangu, tena upesi, maana barua inachelewa. Kesho lori la ufuta linakwenda Nachingwea. Safari hii nimefikiri sana, asije akashtuka. Nitamwandikisha Eustace hivi:

HONGERA MWANANGU. WALLAHI HAKUNA ALIYEKUFA. BIBI ANAKUSALIMU. JIBU UPESI.