Kofi la Kabichi

Redio ya Dada Birika, muuza kahawa wetu, ilikuwa juu ya ndoo, nasi benchini na kahawa zetu, mtangazaji alipomhoji mama mmoja anayetengeneza sauti za filamu kwa mikono. Mlio wa mfupa kuvunjika, akasema, ni karoti.

"Na lile kofi la harusini, lililofanya ukumbi mzima ushike mashavu?"

"Lile ni kandambili yangu kuukuu. Niliilowesha, nikaichapa kwenye kabichi."

Benchi zima tukamgeukia Kofi.

Kofi ni kinyozi. Kwenye filamu hiyo aliigiza mgeni mlevi, bibi harusi akamzaba. Tangu hapo hatupumui. Jina kajibatiza mwenyewe, kaliandika hadi mlangoni pa saluni, na wateja wanajaa kuja kunyolewa na staa.

"Kwa hiyo aliyeigiza ni kabichi," akasema Soli, mshona viatu wetu. "Wewe ulimshikia nafasi."

"Nilizabwa kweli! Jino lilitoka!" Kofi akapanua mdomo atuonyeshe pengo.

"Pengo hilo unalo tangu nakujua."

"Sasa kabichi waliifuata ya nini?" Dada Birika akauliza.

Kofi akashusha sauti. "Walisema langu... halisikiki vizuri."

Weee! Kahawa ikanitoka puani.

"Shavu limefeli usaili, kabichi ikapita!"

"Washamba nyie! Kofi la kweli halilii vile!"

"Nani kasema? Kofi la kweli nimelisikia sinema. TWAAA! Mpaka wa nyuma anaguna."

"Hiyo ndiyo kabichi, Soli!"

"Basi inajua kupigwa kukushinda."

Jamaa aliyekuwa akisubiri kunyolewa akainuka, akajikung'uta suruali. "Mimi natafuta kinyozi mwingine. Huyu wamenidanganya."

Hapo Kofi akachanganyikiwa. Akamzuia kwa mikono miwili. "Subiri, ndugu yangu! Dada Birika, nizabe. Hapa hapa, wasikie."

"Kaka, mkono huu unabeba birika kutwa nzima."

"Nimesema nizabe!"

Dada akaweka birika chini, akafuta kiganja, akamzaba. Kofi akayumba hadi ukutani. Akainama, akatema kitu mkononi. Jino, bichi kabisa, na damu yake.

"Mmeona? Mmeona?"

Tulitazamana. Sauti yenyewe ilikuwa *pu*, kama mtu kaangusha soksi.

"Mmesikia chochote?" Soli akauliza.

"Mimi sijasikia."

"Hata kuigiza hajui," akasema yule mteja, akaenda zake. Nasi tukatawanyika tukisonya, tukamwacha na jino lake.

Wiki nzima viti vya saluni vilikaa vitupu. Kisha nikaona foleni imerudi, nikaingia nami kunyolewa. Kofi akaanza simulizi yake ile ile, harusi, ulevi, bibi harusi kainua mkono. Pale kwenye rafu, karibu na mashine, palikuwa na kabichi. Akachomoa kandambili iliyolowa.

TWAAA!

Niliruka kitini, nikashika shavu.

"Sasa hilo," nikamwambia, "ndilo kofi. Siku ile ulitudanganya."