Kichupa cha Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Ndiyo, mkojo ni wa baba mkwe. Sasa ulitaka nipeleke wa nani? Wangu umejaa bia za Jumamosi na Jumapili, na kiwanda cha mikate hakichukui dereva bila cheti cha zahanati. Mzee hanywi, havuti, hata soda anaiangalia kwa mbali. Shida kumwomba. Mkwe humwombi hata kijiko! Nikamdanganya kuna vipimo vya bure kwa wazee. Machozi yakamlengalenga, akaniita mwanangu. Kichupa nikakipokea kwa mikono miwili, kwa heshima.

Jumanne, 5 Machi
Majibu nimeyafuata nikiwa nimeshavaa kofia ya udereva. Daktari, mama wa miwani, kasema pombe haimo, ila mkojo una protini nyingi, huenda figo zangu zimechoka. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza kama fizi zangu zinatoa damu, kama meno yanalegea.
Kicheko kikakatika. Mzee kila asubuhi anatema mate mekundu kwenye karai, na juzi jino lake limebaki kwenye mkate. Nikamuuliza daktari kayajuaje ya nyumbani kwetu. Akasema ya kwetu hayajui, ila fizi mbovu na figo mbovu mara nyingi anazikuta kwa mtu mmoja. Vijidudu vya fizi vinaingia kwenye damu, na damu hiyohiyo ndiyo figo zinachuja kutwa. Akaniambia nipanue mdomo. Nikasingizia nimeacha jiko linawaka, nikatoka mbio.

Jumatano, 6 Machi
Nikisema ukweli, kazi imekwenda. Nikinyamaza, figo za mzee zinakwisha huku mimi nasambaza mikate. Nikabuni ujanja: nikamnunulia mswaki, eti zawadi. Mke wangu akauliza tangu lini. Mzee akapiga mswaki kwa furaha, karai likawa jekundu tupu, naye anausifu eti una nguvu kama mkwe wake.
Nikashindwa. Nikatapika ukweli wote palepale kwenye karai. Mzee akafuta mdomo, akauliza taratibu: kwa hiyo kazi nimekosa mimi au wewe?

Ijumaa, 8 Machi
Nimempeleka mwenyewe. Mama wa miwani kanisema mbele ya foleni nzima, mpaka mgonjwa wa jicho akaamka kunitazama. Mzee kapimwa damu. Figo hazijafa, zimedhoofika. Presha iko juu na wala hakuwa anajua. Kapewa dawa, na fizi zitasafishwa kidogo kidogo. Kanishika bega, kanisamehe. Nusu.
Mama naye kanipa nafasi moja: mkojo wangu mwenyewe, mlango wazi, muuguzi kasimama pale. Bia sijaigusa tangu Jumatatu, kwa hofu tu. Safi kabisa! Halafu akachungulia mdomo. Fizi zangu mbovu kuliko za mzee! Jumatatu nisafishwe kwanza kwa daktari wa meno, ndipo cheti kisainiwe. Ile mashine ya kusafishia meno nimeisikia inavyolia. Sikai pale.
Sasa wewe unayesoma, fizi zako ngumu? Daktari wa meno hajawahi kuniona sura. Jumatatu saa tatu kamili kaa kwenye kile kiti, uitike jina langu. Kofia ya udereva nakuazima. Na siku ukitakiwa mkojo mahali popote, usihangaike na wakwe. Wangu umeshapimwa, una muhuri. Nakujazia kichupa.